Mwanangu kapongezwa na bodi ya shule, nikabaki nasikiliza habari za paa saa mbili nzima. Ndo utaratibu?

MamaPacha

Habari zenu wadau, hasa nyie mliotangulia huku Marekani. Nina swali, msinicheke sana, mkicheka kidogo ruksa.

Tuna mwaka wa nne hapa Ohio, nina mapacha wa darasa la tano, wa kike na wa kiume. Huyu wa kike yuko timu ya roboti ya shule na mwaka huu wamefika mashindano ya jimbo, basi ikaja barua kwamba wilaya ya shule (ndo mamlaka ya shule za umma za eneo letu) inaalika familia kwenye kikao cha bodi Jumanne saa kumi na mbili jioni, watoto wakapongezwe. Mie nikajua ni kama mahafali. Nikavaa kitenge, nikabadilishana zamu na mwenzangu maana nafanya usiku weahausi, nikawachukua wote wawili tukaenda. Mume wangu hakuja, yeye ni fundi wa mapaa alirudi hoi, halafu akasema hizo ni siasa tu wanawatumia watoto.

Kufika, ukumbi wenyewe mdogo, viti vya kukunja, watu watano wamekaa meza ya mbele kila mmoja na kibao cha jina lake. Wakaanza na mama wa jikoni anayestaafu baada ya miaka 27, yule mama alilia mpaka akavua miwani. Akaja dereva wa basi. Akaja mzee mmoja mwenye gereji ambaye baridi yote hii aliwaachia watoto wa roboti kona ya gereji yake wafanyie mazoezi. Halafu ndo watoto. Jina la binti yangu walilivunja vipande vitatu lakini tukalitambua, na mie nikashindwa kujizuia nikapiga kigelegele. Jamani!! Ukumbi kimyaaa. Yule anayeandika muhtasari akainua kichwa. Kama sekunde mbili hivi, halafu wakapasuka makofi kuliko yote ya mwanzo. Binti yangu alitafuta pa kujificha.

Baada ya picha familia zote zikainuka zikaondoka. Mie nikajua wameenda msalani watarudi hahaha. Kwetu huwezi kupewa heshima kwenye shughuli ya mtu ukaondoka kabla mwenye shughuli hajafunga. Nikakaa. Watoto wananivuta mkono, nimekaa. Saa mbili nzima ni paa la shule linavuja juu ya maktaba, boila, mkataba wa mabasi, na kitu wanakiita levi ambacho nusu yake sikuelewa. Walipomaliza mama mmoja wa pale mezani akashuka akaja kunishukuru kwa kukaa mpaka mwisho, akanipa na fomu ya kujitolea.

Sasa naomba kujua, hivi hizi pongezi ni za kawaida au kuna kitu wanataka? Na mtu kama mie, usiku niko kazini, Kiingereza kinachechemea, hela yenyewe ya kuunga unga, najitolea nini? Sitaki waonekane wametupa mkono halafu sisi tunakunja wetu.

MzeeWaBasi

Dada hongera sana na mpe binti hongera zake. Kigelegele hicho umetuwakilisha wote.

Mie naendesha basi la njano huku Minnesota mwaka wa 11 sasa, na mwaka juzi nilisimamishwa mbele hivyo hivyo. Ni kawaida kabisa. Wilaya nyingi zinaanza kikao na pongezi, watoto kwanza ili wakalale, halafu ndo biashara yenyewe. Kuondoka baada ya picha ruksa, hakuna anayekuona huna adabu. Ila ulichofanya wewe cha kukaa ni kitu ambacho wale wa mezani hawakisahau, kwa sababu siku nyingi kwenye habari za boila wanabaki wao, mwandishi wa gazeti na mzee mmoja mwenye hasira.

Na ujue vikao hivyo ni haki yako, sheria za majimbo zinataka viwe wazi kwa umma. Pana na muda wa mwananchi kusema, sehemu nyingi wanakupa kama dakika tatu, kuna taa ya kijani ikigeuka nyekundu unakaa chini hata kama hujamaliza sentensi.

Kuhusu kujitolea ngoja nikwambie cha upande wangu. Mie siku waliyoniita walinipa cheti na kalamu. Cheti nimekitundika, kalamu imeshakauka. Lakini kuna mama mmoja wa Kisomali kwenye ruti yangu, kila asubuhi watoto wake wako kituoni dakika tano kabla, na yeye ananipungia mkono. Basi. Basi lenye watoto 50 likichelewa dakika moja moja kila kituo, wa mwisho anakosa staftahi shuleni, na kuna watoto kile ndo chakula chao cha kwanza tangu jana. Huyo mama hajui lakini kwangu ni mtu wa kujitolea namba moja wilaya nzima.

(Mnajua lakini kwa nini mabasi yote ya shule nchi nzima ni rangi ile? Walikutana New York mwaka 1939, profesa mmoja anaitwa Frank Cyr ndo aliitisha, wakachagua ile njano kwa sababu maandishi meusi yanasomeka juu yake hata alfajiri giza giza. Kabla ya hapo kila mtu na rangi yake. Nyie endeleeni.)

MkweliDaima

Mimi sitaki kuharibu sherehe lakini shemeji yetu fundi wa mapaa kaona mbali. Dada umesema wametaja levi. Hapo ndo pa kutazama.

Levi (msicheke, haihusiani na pombe) ni kodi ya ziada kwenye majengo ambayo wilaya ya shule inawaomba wananchi waipigie kura. Huku Ohio ndo wimbo wa kila msimu. Serikali kuu ya Washington mchango wake kwenye shule za umma kwa kawaida ni kama asilimia 10 tu hivi, zinazobaki zinagawana jimbo na wenyeji, na za wenyeji zinatoka zaidi kwenye kodi ya majengo. Kwa hiyo mtaa wenye nyumba za bei unapata shule ya bei. Mahakama ya juu kabisa ya Ohio yenyewe ilisema mwaka 1997 kwamba mfumo huu wa kuegemea kodi ya majengo unakiuka katiba ya jimbo, kesi inaitwa DeRolph, na mpaka leo levi ziko pale pale kwenye karatasi ya kura.

Sasa angalieni kalenda. Jarida la wilaya mwaka mzima liko kimya, ikifika Septemba linakuja mlangoni lina picha za watoto wanatabasamu, roboti, kwaya, timu ya hesabu, mama wa jikoni. Novemba kura. Sifa zikizidi ujue bili iko njiani. Na usidhani kwa kuwa umepanga haikuhusu, mwenye nyumba akiongezewa kodi anakuongezea wewe.

Watoto wanastahili pongezi, hilo sibishi. Nasema tu ujue uko kwenye shughuli ya nani.

ShangaziWaOfisini

MkweliDaima mwanangu una nusu ya ukweli, ngoja nikupe nusu nyingine. Mie nafanya kazi ofisi ya familia kwenye wilaya moja ya shule Texas, kazi yangu ndo hii hii ya wazazi wageni.

Kwanza majimbo mengi yanakataza wilaya kutumia hela ya umma kufanya kampeni ya kura. Wanaruhusiwa kueleza levi au bondi (mkopo wa wilaya unaopigiwa kura) ni ya nini na itagharimu kiasi gani, hawaruhusiwi kusema pigeni ndiyo. Wanaofanya kampeni ni kamati za wananchi kwa hela zao. Ila kwamba picha nzuri zinasaidia, nani atabisha, hata mimi nikitaka kuomba mchango wa harusi naanza na picha ya bwana harusi.

Pili, na hapa Mama Pacha nisikilize vizuri. KAMA HUJAPATA URAIA USIPIGE KURA NA USIJIANDIKISHE. Grini kadi siyo uraia. Kuna sehemu chache sana zenye sheria yao, mfano San Francisco wazazi wasio raia wanaruhusiwa kwenye kura ya bodi ya shule tangu 2018, lakini hapo ulipo siyo San Francisco. Nimeona watu wema kabisa wamepewa fomu na kijana mwenye kabrasha nje ya duka wakasaini kwa adabu tu, miaka mitano baadaye kwenye usaili wa uraia swali linatokea mezani. Kusema kikaoni unaruhusiwa, kuuliza unaruhusiwa, kuandika barua unaruhusiwa. Kura tu ndo subiri.

Tatu lugha. Ulisema nusu hukuelewa. Mwambie mtu wa shule anayeshughulika na familia kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, mapema, siyo siku hiyo hiyo. Shule inatakiwa ikufikishie mzazi mambo muhimu ya mtoto kwa lugha unayoielewa na hailipishi, hiyo inatoka kwenye sheria ya haki za raia ya 1964, haipewi wageni kwa huruma. Kwa vikao vya bodi inategemea na wilaya lakini ukiomba mapema wengi wanatafuta. Na tafadhali usimgeuze mtoto kuwa mkalimani. Mtoto wa darasa la tano ukimwambia atafsiri "mwanao ana matatizo ya nidhamu" atatafsiri "mwalimu anakusalimia". Nimeshuhudia haya kwa macho yangu mawili, mzazi akatoka ofisini anashukuru na kumshika mwalimu mkono.

Nne, hiyo fomu ya kujitolea. Mara nyingi kitu cha kwanza ni kukagua kumbukumbu zako za polisi, usiogope, wanakagua kila mtu hata babu wa mtoto. Na siyo lazima uende mchana. Kwangu nina mzazi wa zamu ya usiku kama wewe, anachotusaidia ni simu. Ikija karatasi nyumbani, mfano siku ya chanjo au shule imefungwa kwa theluji, anawapigia wazazi sita wanaozungumza Kiswahili kabla hajalala. Sita tu. Kabla yake mashine ilikuwa inawapigia kwa Kiingereza wanakata wakidhani ni matapeli. Huyo mama hajawahi kuingia darasani hata siku moja.

Halafu ajenda ya kikao huwa wanaibandika kwenye mtandao wa wilaya siku kadhaa kabla. Isome, utajua paa linazungumzwa saa ngapi na uje saa hiyo tu.

BabaWatatu

Kentucky hapa. Shangazi kasema yote, mie naongeza la chakula kwa sababu najua dada anawaza maandazi, sote tunaanziaga hapo.

Mwaka wangu wa kwanza mtoto wa kati alipata tuzo ya kusoma, mke wangu akakaanga maandazi 120, kaamka saa tisa usiku, hiliki mpaka jirani kajua. Nikayabeba kwenye trei mbili hadi mapokezi. Yule dada wa mapokezi akaniangalia kwa huruma akasema samahani baba, cha kula cha watoto lazima kiwe kimefungwa dukani na kiwe na karatasi ya viungo, kuna watoto karanga ikiwagusa tu wanakimbizwa hospitali. Nimesimama pale na trei mbili kama muuza maandazi kwenye mkutano uliovunjika. Mwalimu mmoja akapita akasikia harufu, akauliza haya ni ya watoto au ya wakubwa? Nikashika mlango huo huo nikasema ya wakubwa! Yakapelekwa chumba cha walimu, saa sita nimepigiwa simu nikachukue trei, tupu. Kwa hiyo dada, ya watoto nunua dukani, ya walimu pika. Wiki ya kuwashukuru walimu ni ile ya kwanza iliyo kamili ya mwezi wa tano, weka kwenye kalenda.

Na PTA, chama cha wazazi na walimu, usiogope jina. Kilianzishwa Washington 1897 kikiitwa kongamano la akina mama, na mpaka leo ukienda utakuta akina mama watano wamechoka wanabishana nani atabeba viti. Ukibeba viti wewe ni mwenyekiti mwaka ujao, nakutahadharisha. Michango yao hailazimishwi, dola mbili unaweka, huna huweki, hakuna anayesoma majina kwenye maiki kama kwetu kanisani.

Kitu kingine kwa wenye watoto wakubwa. Majimbo mengi yana muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye cheti cha kumaliza sekondari, ulianzia California. Mtoto anapimwa Kiingereza na lugha nyingine, na Kiswahili kina mitihani yake inayotambulika. Wa kwangu mkubwa anajiandaa. Huyo huyo aliyekuwa anatuambia tusizungumze Kiswahili kwenye parking sasa hivi anamuuliza bibi yake kwenye simu "ngeli ya KI-VI ndo ipi", bibi anamwambia mie sijui ngeli mie najua kuongea.

MamaPacha

Asanteni sana jamani nimesoma yote nimerudia mara mbili. Shangazi hilo la kura nashukuru mno, kijana mwenye kabrasha nimeshakutana naye, bahati nzuri nilikuwa nakimbilia basi.

Mawili madogo yamebaki. Picha ya binti imewekwa kwenye ukurasa wa wilaya na jina kamili, mume wangu hajapenda. Na kubwa zaidi ni pacha wake. Tangu Jumanne kanuna. Yeye alijaribu timu ya roboti hakuchukuliwa, kule ukumbini alikaa anashika cheti cha dada yake, jana namkuta amekigeuza kimeangalia ukuta. Sijui niseme nini.

ShangaziWaOfisini

Picha rahisi. Kuna sheria ya faragha ya kumbukumbu za wanafunzi ya 1974, mzazi unaweza kuandika kwamba hutaki jina na picha ya mtoto vitolewe hadharani. Kwa kawaida ni kale kafomu ka mwanzo wa mwaka tunakosaini bila kusoma. Waandikie sasa hivi hata imeili ya mistari miwili, na uombe hiyo iliyopo waiondoe au waache jina la kwanza tu.

Pacha anahitaji mtu anayejua zaidi yangu, mie watoto wangu nimepishanisha miaka sita makusudi.

MzeeWaBasi

Mama Pacha huyo dogo usimpe tuzo ya kumbembeleza. Nyumbani wakianza kugawa vyeti vya "umeshiriki kukaa kwenye kiti" anajua unamdanganya.

Ila nina swali, alipokuwa amekaa saa mbili zile pembeni yako alikuwa anafanya nini? Nauliza kwa sababu kwenye basi langu watoto wanaonuna ndo wanaoona kila kitu.

MkweliDaima

Nimesoma tena niliyoandika naona nimekuwa mkali kidogo. Nilisahau kusema yule mwenye gereji aliyewapa watoto kona baridi yote hagombei kitu na jina lake haliko kwenye karatasi ya kura. Huyo ningempigia hata mimi kigelegele, ingawa sauti yangu inafaa kufukuza ndege.

Lakini ule msimamo wa Septemba na Novemba nabaki nao.

MamaPacha

Mzee wa Basi umenitoa machozi na kicheko pamoja. Nimemuuliza. Kumbe yeye alikuwa anasikiliza! Alimweleza baba yake mezani leo kwamba maji yanaingia kwenye maktaba upande wa vitabu vya dinosaria, wameweka ndoo tatu, na mtu mmoja pale mezani alisema watabandika tabaka jingine juu ya lile la zamani. Mume wangu akaacha kula. "Juu ya lile la zamani? Tabaka la ngapi?" Mtoto akasema la tatu. Huyo baba aliongea paa mpaka ugali ukapoa, akachukua karatasi akamchorea mtoto maji yanavyotembea chini ya lami mpaka yanatokea mbali na tundu lenyewe, na pacha anauliza maswali kama wakili, hajanuna hata chembe.

Fomu nimejaza, nimeandika simu kwa wazazi wa Kiswahili, asubuhi nikitoka kazini. Mkalimani nimeomba, wamejibu watatafuta. Picha wameshaitoa.

Ajenda ya kikao kijacho tumeiona, paa ni namba 7. Baba mtu anauliza zile dakika tatu unajiandikishaje, na kama wanaruhusu kuingia na mchoro.